Barua za Leopoldi, Sanduku la Hamdun

Nyumba yangu na nyumba ya ami Hamdun bin Badar, hapa Gongoni, zinatumia ukuta mmoja. Nikiwa nashona upande wangu namsikia akikohoa upande wake. Namsikia akiwasha redio, akibishana nayo, akiizima. Adhana ya alasiri ikiisha huburuta kiti chake mpaka barazani, na hapo hukaa akitazama barabara hadi magharibi. Asiyemjua angedhani kuna mtu anamngoja. Mimi namjua, na nasema wazi: kwa sehemu kubwa ya mwaka hakuwa na wa kumngoja.

Mkewe, bi Shaima, Mungu amrehemu, alitangulia zamani kidogo. Watoto wako Maskati na Dar es Salaam. Wanampigia simu Ijumaa. Wanamwuliza kama amekula, anasema amekula. Wanamwuliza kama anaumwa, anasema haumwi, hata siku ambayo nimemsikia mimi usiku kucha akiugulia jino. Simu inaisha hapo. Duka la baba yake limefungwa miaka mingi, na ile milango yake mizuri ya mbao watu wameigeuza ubao wa kubandikia matangazo ya waganga.

Wazee wake walikuja na njia ya misafara, ile iliyotoka pwani kwenda Ujiji. Walitembea, hilo sikatai. Lakini walipofika Unyanyembe, ndiyo huku kwetu, walikaa, na kuanzia siku hiyo wakawa wanafuatwa wao. Mwenye asali aliwaletea asali, mwenye nta akaleta nta, anayetaka kitambaa au taa akaja barazani, akapewa kahawa kwanza na shauri baadaye. Ami Hamdun alirithi tabia ile akakosa duka la kuitumia. Ukiondoa misiba na harusi, hajapata kwenda nyumbani kwa mtu. Kwake yeye, kumwambia mwenzako "njoo unitembelee" ni sawa na kunyoosha mkono wa kuomba mlangoni mwa msikiti. Nilimwambia mara nyingi, "Ami, hiyo si heshima, hicho ni kiburi kilichokimbiwa na wateja." Alikuwa anacheka, ananirudishia sahani niliyompelekea chakula ikiwa imeoshwa vizuri kuliko ninavyoosha mimi.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeendelea kuja. Huyo ni Leopoldi Irankunda, mkulima wa Ulyankulu. Wazazi wake walimbeba mgongoni kutoka Burundi wakikimbia vita, akakulia kwenye makazi ya wakimbizi, akafyeka msitu, akalima tumbaku, akatundika mizinga, mpaka siku moja naye akapewa uraia pamoja na wenzake. Alipokuwa kijana alikuwa akileta asali kwenye duka la mzee Badar, baba yake Hamdun. Mzee Badar alimwuliza barua zake anapokelea wapi. Akasema hana pa kupokelea. Mzee akamwambia, "Tumia sanduku letu."

Si yeye peke yake. Nusu ya watu wa vijiji vya huko walikuwa wakiandikiwa barua kwa sanduku lile, kwa mkono wa Badar, na baadaye kwa mkono wa Hamdun. Kisha simu zikaja, watu wakahama mmoja mmoja bila hata kuaga. Mwishoni sanduku lilibaki na barua za mtu mmoja.

Leopoldi aliendelea kupata barua kwa sababu ya binti yake, Sista Eustadia. Ni mtawa wa ndani, kwenye monasteri iliyo mbali huko kusini. Wale hawatoki, na simu hawana. Wanaruhusiwa kuandika nyumbani kwenye sikukuu kubwa, basi. Kwa hiyo mara chache kwa mwaka kilikuja kifurushi cha rejista: barua, na kitu kidogo alichotengeneza kwa mikono yake. Karatasi ya posta ya kumwita iliingia kwenye sanduku la ami Hamdun, lakini kifurushi chenyewe kilitolewa posta, dirishani kwa karani Flavia, naye hakumpa mtu ila mwenye jina, na kitambulisho mkononi.

Hapo ami Hamdun alipiga simu. Niliisikia kupitia ukutani.

"Leopoldi. Kimekuja."

"Nakuja, Tajiri."

Alimwita Tajiri, kama watu wa vijijini walivyowaita wenye maduka zamani, ingawa siku hizo hata mimi na cherehani yangu moja nilikuwa na wateja kumzidi.

Nikisikia simu ile nilijua kesho nitaona mtu mwingine kabisa upande wa pili wa ukuta. Ami Hamdun alifagia. Alinyoa. Alikuja kunipa mchele na nyama, akasema, "Semeni binti yangu, nina mgeni," kama vile mimi sijui, na kama vile mgeni mwenyewe si yuleyule. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kupona huko nimekuona kwa macho yangu.

Leopoldi alishuka na basi la asubuhi akiwa mwekundu kwa vumbi, na mfuko wa michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, au chupa ya asali, kwapani. Walikwenda posta, wakarudi, wakala. Baada ya kahawa, barua ilisomwa. Leopoldi hakusoma shule, kwa hiyo msomaji alikuwa ami Hamdun. Hebu fikiri: Mwarabu wa Gongoni, mtu wa swala tano, amevaa kofia yake na miwani, anasoma barua ya mtawa.

"'Baba yangu mpendwa. Tumsifu Yesu Kristo.'"

"Milele, amina," Leopoldi alijibu, akiinamisha kichwa.

Ami Hamdun alingoja amina iishe ndipo akaendelea, taratibu, kama mtu anayepita uani kwa watu. Alijua habari za monasteri ile kuliko anavyojua za wanawe. Alijua ng'ombe yupi amezaa, Sista gani ana pumu, bustani imeliwa na nini. Hakuruka neno. Siku moja nilimwuliza kama hakuna pahali anapopunguza, kwa sababu barua nyingine zilikuwa ndefu mno. Alikasirika. Alisema, "Mtu akikuazima macho yako, huyafumbi."

Leopoldi alilala usiku mmoja, akaondoka na basi la asubuhi. Kiti kikarudi barazani, redio ikawashwa, ikabishiwa, ikazimwa.

Ikaja barua ya Pasaka ya mwaka huu ninaousimulia. Leopoldi alishuka kwenye basi kwa kushikwa mkono. Nyonga ilikuwa imemharibikia, mguu wa kushoto anauvuta. Kutoka stendi mpaka hapa walipumzika njiani mara nyingi, na alipofika uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Nilikuwa pale kupakua chakula, kwa hiyo nilisikia mwenyewe kilichosomwa.

"'Kaka ameniandikia kwamba nyonga inakutesa,'" ami Hamdun alisoma. "'Nakuomba, baba, usisafiri tena kwa ajili ya barua zangu. Mwandikie Baba Hamdun idhini...'"

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa.

"Macho," akasema.

Kisha akaendelea, neno kwa neno. "'Mwandikie Baba Hamdun idhini akupokelee posta, awe anampa kondakta wa basi akuletee, na kaka atakusomea hapo nyumbani. Baba Hamdun ni mtu mwema, hatakataa.'"

Leopoldi alicheka, akapiga goti la mguu wake mzima. "Amesema kweli mtoto. Eti, Tajiri? Si tutafanya hivyo?"

"Tutafanya," ami Hamdun alisema.

Mimi nilisimama na bakuli mkononi. Niliona kile ambacho Leopoldi hakukiona, au nilidhani hakukiona. Yule mzee alikuwa ametoka kusoma kwa kinywa chake mwenyewe kwamba mgeni wake wa pekee asije tena, na alikuwa ameombwa aseme ndiyo kwa furaha. Roho iliniuma.

Na haikuishia hapo. Leopoldi hajui kuandika. Kwa hiyo nani ataandika idhini? Ami Hamdun alileta karatasi na kalamu, akaketi mezani, na Leopoldi akaanza kumtajia la kuandika.

"Andika: Mimi, Leopoldi Irankunda, mkazi wa Ulyankulu, namruhusu rafiki yangu..."

Kalamu ilisimama. Ami Hamdun aliinua uso.

"Niandike hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Hilo la rafiki."

"Sasa nikuite nani? Shemeji?"

Akaandika. Mwandiko wake ni mzuri, wa shule za zamani, herufi zimelala upande mmoja. Leopoldi akaweka dole gumba, nami nikatia sahihi kama shahidi. Kesho yake Leopoldi aliondoka nayo ikagongwe mhuri na mtendaji wa kijiji, na baada ya siku chache kondakta akairudisha pamoja na nakala ya kitambulisho. Ami Hamdun aliipeleka posta. Flavia aliikagua, akaikubali, akaweka nakala yake, akamwambia kikija kitu asihangaike, aje tu. Najua hayo kwa sababu alinisimulia mwenyewe jioni ile, kwa sauti ya mtu anayesimulia mazishi.

Kisha ikawa kimya kirefu. Kiangazi kiliingia, vumbi likafunika migomba, na mzee akakonda. Sahani zilirudi nusu. Nilimwambia aende Ulyankulu akamwone mwenzake, gari zipo kila siku. Aliniangalia kana kwamba nimemwambia akacheze ngoma sokoni. "Nikafanye nini huko?" akasema. Nikamwambia akafanye kile ambacho Leopoldi anakuja kufanya hapa. Akasema Leopoldi huja kwa ajili ya posta. Nilikasirika, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Kifurushi cha sikukuu ya Agosti kikafika. Nilimsikia akipiga simu, nami nikaacha kushona nisikie. Nakiri nina masikio marefu, ukuta wenyewe ni wa udongo.

"Leopoldi. Kimekuja." Kimya. "Ndiyo. Lakini kuna jambo. Posta wamekataa ile karatasi." Kimya tena. "Wanasema wanamtaka mwenyewe. Nimewasihi, hawasikii."

Nilihisi damu ikinipanda. Nilitoka nje, nikaingia kwake bila kubisha.

"Ami, nani amekataa?"

Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili.

"Mtu hawezi hata kupanda ngazi ya basi," nikasema. "Unamtoa kule kwenye barabara ile ya mashimo, kwa uongo?"

"Safari moja tu, Semeni."

"Mpigie umwambie umekosea."

"Safari moja," akarudia, na macho yake yakajaa. Sijawahi kumwona hivyo, hata kwenye msiba wa bi Shaima. Ningeweza kumpigia Leopoldi mimi mwenyewe. Sikupiga; nilikwenda kumpikia mgeni.

Leopoldi alifika akitembelea fimbo. Njia ya posta tulikwenda watatu, mimi nikiwa mkongojo wa upande wa pili, na kila hatua nilimwona akiuma meno. Ami Hamdun alitangulia mbele kidogo. Alishindwa kutazama.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya ami Hamdun iliishia dirishani kwa Flavia. Yule dada alichukua kitambulisho, akamtazama mzee aliyeegemea kaunta akihema, akamtazama ami Hamdun, na mtu hawezi kumlaumu kwa alichosema.

"Mzee Hamdun, jamani! Si nilikuambia karatasi yako imekubaliwa? Kwa nini umemtesa mzee wa watu?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi, ambaye sikudanganya mtu. Watu waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni walinyoosha shingo.

Leopoldi aliweka dole lake kwenye kidau cha wino bila haraka.

"Hakunitesa, mama," akasema. "Nilitaka kuja mwenyewe. Nilimwambia aniachie hiki."

Akabonyeza dole kwenye daftari, akapokea kifurushi, tukatoka.

Nyumbani tulikula bila maneno ila "karibu mchuzi" na "ahsante". Nilidhani barua siku hiyo haitasomwa, lakini baada ya kahawa Leopoldi aliivuta bahasha, akaisukuma mezani mpaka kwa mwenzake, kama kawaida. Ndani ya kifurushi mlikuwa na chupa ya dawa ya kuchua iliyotengenezwa na watawa.

"'Baba yangu mpendwa. Tumsifu Yesu Kristo.'"

"Milele, amina."

"'Dawa hii ni ya nyonga. Uchuliwe asubuhi na jioni. Nafurahi sana moyoni kwamba sasa...'" Akaisogeza karatasi karibu na miwani. "'Nafurahi sana moyoni kwamba sasa unakaa nyumbani, na Baba Hamdun anakuhangaikia. Tunamwombea kila siku hapa kwa jina.'"

Alisoma hayo yote, hakuruka. Angeweza kuruka na hakuna mtu duniani angejua. Nilimchukia na kumpenda kwa wakati mmoja, nikaondoa vyombo.

Asubuhi yake nilikwenda nao stendi kubeba mfuko. Tulifika basi la Ulyankulu likiwa bado linapakia magunia juu. Leopoldi aliketi kwenye benchi la wauza tiketi, mguu wake ameunyoosha mbele. Ami Hamdun alibaki amesimama.

"Nisamehe," akasema. "Posta hawakukataa. Nilidanganya."

"Nilijua."

"Flavia alipokwambia."

"Hapana. Uliponipigia simu. Tajiri, wewe uongo huuwezi. Ndiyo maana duka lilikufa."

Mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Ami Hamdun hakucheka.

"Kama ulijua, mbona umekuja? Na mguu huo?"

"Uliniita," Leopoldi alisema. "Tangu nikujue hukuwahi kuniita. Ilikuwa 'kimekuja, kimekuja.' Juzi ndiyo mara ya kwanza nimesikia unaniita mimi."

Kondakta alipita akiita abiria. Leopoldi alimpungia mkono angoje, akasogeza mguu wake kwa mikono, akaendelea kwa sauti ya chini.

"Nikwambie jambo. Parokia yetu ina sanduku lake la posta. Lipo siku nyingi. Barua zikija, katekista anatugawia Jumapili baada ya misa, hata rejista padri anafuata mwenyewe kwa idhini zetu. Watu wote kule wanatumia hilo."

Ami Hamdun alimtazama kama mtu ambaye hakuelewa lugha. "Kwa nini hukumwambia Sista abadilishe anwani?"

"Ningekuja kwako na sababu gani?"

Nilikuwa nimesimama pale na mfuko mikononi, na nguo za wateja zilikuwa zimenitoka kichwani. Hawa wazee wawili! Mmoja ana nyumba tupu na hawezi kusema njoo. Mwingine ana mke, wana, wajukuu na boma zima la watu, na anapanda basi la vumbi kwa kisingizio cha barua ambayo ingemfikia kanisani bila nauli. Wote wawili walikuwa wamejificha nyuma ya mtawa.

"Sasa mguu umekataa," Leopoldi alisema. "Hii ni ya mwisho, Tajiri. Sidhani kama nitaweza tena."

Tulimpandisha watu watatu. Aliketi dirishani, akatupungia mkono mara moja, basi likaondoka. Ami Hamdun aliendelea kusimama mpaka mahali lilipokuwa limeegeshwa pakaingia basi jingine la Nzega, na dereva akampigia honi atoke.

Tulipofika kwenye baraza lake akashika nguzo, akaniambia, "Kumbe alikuwa anakuja kwangu." Akaingia ndani, akafunga mlango. Kupitia ukutani nilimsikia akilia. Ni mlio wa mtu asiyejua kulia, unaanza na kukatika. Nilizima cherehani nisimpigie kelele, kisha nikaiwasha tena, kwa sababu niliona ni afadhali adhani simsikii.

Siku zilizofuata hakuburuta kiti. Baraza lilikaa tupu. Nilimpelekea chakula, nikamkuta ameketi sebuleni akielekea ukuta, redio imezimwa. Nilimvumilia siku ya kwanza na ya pili, kisha uvumilivu ukaniisha.

"Ami, nenda."

"Barua ijayo ni ya Noeli," akasema. "Sasa nina idhini, nitaichukua, nitampelekea mwenyewe. Sitampa kondakta."

"Noeli? Na mpaka Noeli utakuwa umekula nini? Na yeye atakuwa wapi na mguu ule?"

"Nitakwenda na sababu gani, Semeni?"

Hapo nilimpandishia sauti kama mtoto wangu. Nilimwambia sababu ni kwamba anataka kumwona yule mtu. Nilimwambia hakuna posta duniani inayotoa karatasi ya kumruhusu mzee mzima kutamani kumwona mwenzake, na akingoja karatasi hiyo atazikwa akiwa nayo mkononi. Nilimwambia na mengine ambayo sitayaandika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, kwa upole ulionivunja, basi la kule linapandiwa upande gani wa stendi, kwa sababu miaka yote alikuwa akisindikiza tu na hakuwahi kuangalia.

Aliondoka kesho yake. Nilitaka kumfungia halua, akakataa. Alisema akibeba kitu ataonekana amekwenda kupeleka kitu. Akapanda mikono mitupu, kanzu imepigwa pasi, akashika kiti cha mbele kwa nguvu kabla gari halijawashwa.

Yaliyotokea huko alinisimulia yeye. Aliulizia njia kwa watu, akashangaa kwamba wengi walilijua jina lake kutokana na barua za zamani. Alifika kwenye boma la Leopoldi saa ya jua kali. Leopoldi alikuwa amelazwa kwenye mkeka kivulini, mkewe akimchua nyonga kwa ile dawa ya watawa. Ami Hamdun alisimama nje ya ua, akabisha hodi. Anasema sauti yake mwenyewe ilimshangaza.

Leopoldi aliinua kichwa, akamwona, na uso wake ukaingiwa na hofu.

"Tajiri! Barua imekuja? Ni Eustadia? Mwanangu ana nini?"

"Barua haijaja. Sista hajambo."

"Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki."

"Basi kuna nini?"

Ami Hamdun aliniambia kwamba kutoka Gongoni mpaka pale alikuwa amepanga maneno ya kusema, na yote yalimtoka. Alisimama juani, mikono yake haina pa kushika.

"Nimekuja kukuona," akasema. "Nilikuwa peke yangu."

Leopoldi akajaribu kuinuka, mguu ukamkatalia, akabaki ameegemea kiwiko, machozi yakimtiririka mpaka kwenye ndevu.

"Leteni kiti," akawaambia watu wa nyumbani kwake. "Hapa, karibu yangu. Leteni kiti."